Nuru Iponyayo na Nuru Iunguzayo: Habari za Tiba ya Mwanga kwa Maradhi ya Ngozi

Leo twataka kueleza habari za dawa moja isiyopikwa chunguni, isiyosagwa juu ya jiwe, wala isiyotiwa katika chupa. Dawa hiyo ni mwanga. Tutaeleza jinsi wanadamu walivyojua kwamba mwanga waweza kuponya ngozi iliyougua siku nyingi, jinsi walivyojifunza kuupima, na madhara waliyoyapata kila walipousahau mpimo huo.

Twaandika maneno haya tukiwa Maganzo, katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, karibu na machimbo ya almasi ya Mwadui. Nchi hii haina upungufu wa jua. Mara mbili kila mwaka, katika mwezi wa Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi wetu, hata kivuli cha mtu kikawa chini ya nyayo zake. Mwenye kupalilia pamba, mwenye kuchunga ng'ombe, na mwenye kuchekecha changarawe akitafuta almasi, wote wajua ukali wake. Basi mtu mwenye akili aweza kutuuliza, Ikiwa mwanga ni dawa ya ngozi, mbona sisi tulio na jua tele tungali na wagonjwa wa ngozi? Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu; lakini kwanza hatuna budi kurudi nyuma katika historia.

Maradhi tunayoyasema ni yale yasiyopona kwa juma moja wala kwa mwezi mmoja. Mojawapo ni mbalanga, yaani yale mabaka meupe yanayotokea usoni, mikononi na miguuni, ambayo madaktari huyaita vitiligo. La pili ni soriasisi, ambapo ngozi huota magamba mazito meupe juu ya mabaka yaliyovimba, hasa viwikoni, magotini na kichwani. La tatu ni kifua kikuu cha ngozi, ambacho zamani kiliwala watu pua na mashavu katika nchi nyingi za Ulaya. Mwenye mbalanga haumwi na baka lake, lakini huumizwa na macho ya watu. Wengine hawataki kula naye sahani moja, wengine humwondokea benchini, na binti mwenye baka usoni huweza kukosa mchumba. Tena mbalanga na soriasisi haziambukizi hata kidogo. Mtu aweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa miaka arobaini asiipate. Kwa hiyo anayeponya ngozi ya mtu humrudisha mtu huyo kati ya wenzake, na kazi hiyo si ndogo.

Sasa tuutazame mwanga wenyewe. Kila mtoto ameona upinde wa mvua, akajua kwamba mwanga mweupe wa jua una rangi nyingi ndani yake, kutoka nyekundu mpaka urujuani. Lakini jicho haliuoni mwanga wote. Mwaka 1800 bwana mmoja aliyeitwa William Herschel, mtaalamu wa nyota huko Uingereza, aliweka vipima joto katika rangi hizo mbalimbali, akaona kwamba joto kuu lilikuwa nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho haliwezi kuona kitu. Mwaka uliofuata, 1801, Johann Ritter wa mji wa Jena katika Ujerumani akajaribu ncha ya pili. Alitwaa chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, akaiweka ng'ambo ya rangi ya urujuani. Huko, penye giza machoni, chumvi ilifanya weusi upesi kuliko mahali pote. Basi wakajua kwamba iko miali isiyoonekana ng'ambo ya urujuani, yenye nguvu ya kugeuza vitu. Miali hiyo ndiyo inayobabua ngozi ya mtu akikaa juani mno, nayo ndiyo yenye sehemu kubwa katika habari zetu za leo.

Ikapita miaka mingi. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walitia maji ya chakula katika vichupa, vingine wakaviacha juani na vingine wakavifunika. Vile vilivyofunikwa viliharibika vikajaa vijidudu. Vile vilivyopigwa na jua vilibaki safi. Tena wakaona kwamba miali ya upande wa buluu na urujuani ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Bila shaka mama zetu walijua jambo hili kwa desturi, maana mahali pengi magodoro na nguo za mgonjwa huanikwa juani. Lakini sasa lilikuwa limethibitishwa kwa jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulirudia.

Hapo ndipo alipotokea mtu anayehesabiwa kuwa baba wa tiba hii, Niels Finsen. Alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, vilivyo kaskazini ya mbali, penye mawingu mengi na baridi, akasoma udaktari katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Alikuwa mgonjwa tangu ujana wake. Ugonjwa wake ulimdhoofisha mwaka kwa mwaka, na nyumba yake ilikuwa ya ubaridi na haba ya jua. Yeye mwenyewe aliona kwamba akipata jua mwili wake hupata nafuu. Yasimuliwa kwamba siku moja alimtazama paka aliyelala juu ya dari la nyumba. Kivuli kilipomfikia, paka aliondoka akahamia penye jua, na kivuli kilipomfuata akahama tena. Finsen akajiuliza, Paka huyu apata nini katika jua? Ndivyo walivyo wenye elimu: jambo ambalo sisi sote hulipita, wao husimama wakaliuliza.

Finsen alitambua jambo moja ambalo wengine hawakulifikiri. Damu huzuia mwanga usipenye ndani. Aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya sikio la mtu, akaliacha jua lipige mbele ya sikio, karatasi haikugeuka. Kisha akalibana sikio kati ya vipande viwili vya kioo mpaka damu ikakimbia na sikio likawa jeupe. Mara karatasi ikafanya weusi. Basi akafahamu kwamba mtu akitaka mwanga uufikie ugonjwa ulio ndani ya ngozi, kwanza aisukume damu pembeni.

Mwezi wa Novemba mwaka 1895 alianza kumtibu mhandisi mmoja aliyekuwa ameugua kifua kikuu cha ngozi usoni kwa miaka minane, ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimemshinda. Kazi hiyo ilifanyika katika kiwanda cha umeme cha Copenhagen, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na umeme wa kutosha. Taa aliyoitumia ilikuwa ya vijiti viwili vya makaa, ambavyo umeme ukiruka kati yao hutoa mwanga mkali sana. Baada ya miezi michache uso wa mhandisi yule ulikuwa umepata nafuu kubwa. Mwaka 1896 ikafunguliwa taasisi ya tiba ya mwanga chini ya Finsen, na wagonjwa wakaanza kuja kutoka nchi nyingi, wengine wamefunika nyuso zao kwa vitambaa.

Tiba yenyewe ilitaka subira. Mgonjwa alilala kitandani, na muuguzi alishika chombo chenye maji baridi akakigandamiza juu ya ngozi, mahali padogo tu kama sarafu. Maji yale yalizuia joto lisimuunguze mgonjwa, na mgandamizo uliiondoa damu. Kila mahali padogo palipata muda wa saa nzima, na kesho yake pengine, na kesho kutwa pengine, kwa miezi mingi. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu zaidi ya 800 walikuwa wametibiwa, na wengi wao walipona au walipata nafuu kubwa. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza, aliipelekea London Hospital taa ya namna ile. Mwaka 1903 Finsen akapewa Tuzo ya Nobel ya udaktari. Wakati huo alikuwa akiketi katika kiti cha magurudumu. Sehemu ya fedha za tuzo aliitoa kwa kazi ya hospitali, naye akafa mwaka uliofuata, 1904, akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Hapa twataka wasomaji wetu wa nchi hii ya machimbo waangalie jambo linalowahusu. Kioo cha kawaida, kama cha dirisha, huzuia sehemu kubwa ya miali ile isiyoonekana. Kwa hiyo Finsen alitumia lenzi zilizochongwa katika jiwe la kwatzi, lile jiwe gumu la kung'aa kama kioo. Wachimbaji wadogo wa upande wa Geita walijua sana jiwe hilo, maana mara nyingi dhahabu hufuata mishipa ya kwatzi ndani ya mwamba. Hulivunja, hulisaga, na mabaki yake hutupwa. Kisha, baada ya mwaka 1900, mafundi waligundua taa mpya ambayo ndani yake hamna makaa bali mvuke wa zebaki, na Mjerumani aitwaye Richard Küch akaifanyia bomba la kwatzi iliyoyeyushwa, ili miali ipite. Zebaki ni ile ile ambayo wachimbaji hukamatia dhahabu, nayo ni sumu ikivutwa moshi wake au ikipakwa mwilini. Lakini ikifungwa ndani ya bomba na kupitishwa umeme, hutoa miali ya tiba. Kwatzi na zebaki, vitu viwili vya machimboni, ndivyo vilivyoiingiza tiba ya mwanga katika hospitali nyingi za dunia.

Taa hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ya Finsen, basi matumizi yakaenea. Mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Mayo Clinic, katika Marekani, alieleza tiba ya soriasisi ambayo ngozi hupakwa lami ya makaa ya mawe, kisha humulikwa kwa miali ya taa. Magamba yakapukutika na wagonjwa wengi wakakaa miezi kadhaa bila kurudiwa. Katika Uswisi, daktari Rollier alikuwa ameanza tangu mwaka 1903 kuwalaza wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa juani katika milima ya Leysin, dakika chache siku ya kwanza, akiongeza kidogo kidogo. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa za mwanga zilipozidi, watu walianza kuuza taa za kila namna na kuahidi kwamba zitaponya kila ugonjwa. Tena dawa za vijidudu zilipopatikana, streptomisini katika miaka ya 1940 na isoniazidi mwaka 1952, kifua kikuu cha ngozi hakikuhitaji taa tena. Wengi wakadhani habari za Finsen zimekwisha.

Hazikwisha, kwa sababu chemchemi ya pili ilikuwa imebubujika karibu na kwetu, katika nchi ya Misri. Kando ya mto Nile humea mmea wenye maua meupe kama mwavuli, ambao wataalamu huuita Ammi majus. Tangu zamani watu wa Misri na wa Afrika ya Kaskazini waliutumia kwa mbalanga. Katika karne ya 13 mwanachuoni Ibn al-Baytar, aliyezaliwa Málaga katika Hispania na kufa Damascus mwaka 1248, aliandika jinsi kabila moja la Waberberi lilivyowapa wagonjwa mbegu zake na kisha kuwaweka juani. Watu wa Uhindi nao walikuwa na mmea wao uitwao bakuchi, walioutumia kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1947 wataalamu wa Misri waliitoa nguvu ya mmea huo ikawa dawa safi, na daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo akaanza kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa dawa hiyo pamoja na mwanga wa jua, akatangaza matokeo yake mwaka 1948. Basi ijulikane kwamba elimu hii si ya Ulaya peke yake. Waafrika waliijua kwa desturi, na Mwafrika aliileta katika hospitali.

Labda msomaji atauliza, Mmea wawezaje kushirikiana na jua? Jibu liko katika ndimu. Mtu akikamua ndimu juani, maji yake yakamdondokea mkononi naye asinawe, kesho yake huweza kuona malengelenge, na baadaye alama nyeusi ikaayo majuma mengi. Maji yale peke yake hayamuunguzi mtu, na jua la muda ule ule peke yake halimuunguzi. Bali vikikutana, huunguza. Katika ndimu na katika mmea ule wa Misri kuna vitu vya ukoo mmoja ambavyo huifanya ngozi iusikie mwanga kupita kiasi. Kikipimwa vizuri, kitu hicho huamsha rangi ya ngozi. Kisipopimwa, humwacha mgonjwa na vidonda.

Mwaka 1974 madaktari wa Boston katika Marekani, Parrish na Fitzpatrick pamoja na wenzao, waliunganisha dawa ile ya Misri na taa mpya yenye miali iliyochaguliwa, wakawatibu wagonjwa wa soriasisi. Wagonjwa waliokuwa wamefunikwa na magamba mwili mzima wakawa safi baada ya majuma machache. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini madaktari hawakuishia katika furaha. Waliwaandika wagonjwa 1,380 wakawafuata mwaka baada ya mwaka, na tangu mwaka 1979 wakaanza kutangaza kwamba waliotibiwa mara nyingi mno walipata saratani ya ngozi zaidi ya watu wengine. Hiyo ndiyo heshima ya elimu ya kweli. Haiisifu dawa yake tu, bali huhesabu pia waliodhuriwa nayo.

Ikawa lazima kutafuta miali iponyayo kwa madhara madogo. Miali hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja katika sehemu bilioni za mita. Mwaka 1981 Parrish na mwenzake Jaenicke walionyesha kwamba miali mifupi sana, chini ya nanomita 290, huunguza bila kuponya soriasisi, na kwamba miali ya karibu na 313 huponya. Baada ya hapo kampuni ya Philips ilitengeneza taa itoayo miali ya karibu na nanomita 311 tu, na katika miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya walithibitisha kazi yake. Taa hiyo haihitaji dawa ya kunywa. Mgonjwa husimama mbele yake kwa muda mfupi, macho yake yamefunikwa, mara mbili au tatu kwa juma, na muda huongezwa kidogo kidogo. Soriasisi huchukua majuma mengi, na mbalanga huchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Uso hupona upesi kuliko vidole, na mabaka mengine hayarudi kamwe. Pole pole ndio mwendo.

Iko namna nyingine ya kuunganisha dawa ya kupaka na mwanga. Mwaka 1900 mwanafunzi Oscar Raab huko München aliona kwamba wadudu wadogo wa majini waliotiwa rangi fulani hufa wakiwa penye mwanga, na penye giza huishi. Mwalimu wake von Tappeiner akaona kwamba jambo hilo laweza kuwa tiba. Miaka 90 baadaye, mwaka 1990, daktari Kennedy na wenzake katika Kanada walitangaza marhamu ambayo ikipakwa juu ya ngozi yenye saratani changa, seli zile mbovu huifanya iwe kitu kinachoshika mwanga. Kisha zikimulikwa kwa taa, hufa zenyewe, na ngozi nzima iliyo kando hubaki salama.

Nasi tuseme kwa ufupi jinsi mwanga unavyofanya kazi. Katika soriasisi, askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, hukasirika bila sababu, na ngozi huzaana upesi kupita kiasi. Miali iliyopimwa huwatuliza askari hao. Katika mbalanga, askari hao huwaua watengenezaji wa rangi ya ngozi. Miali huwatuliza, tena huwaita watengenezaji wapya waliojificha katika mashina ya nywele. Ndiyo sababu rangi hurudi kwanza kama vitone vidogo penye vinyweleo. Na kuhusu Finsen, mwaka 2005 wataalamu wa Copenhagen walizipima lenzi zake za zamani, wakaona kwamba miali mifupi aliyodhani inaua vijidudu haikupita sana. Yaelekea yaliyoponya ni miali mirefu zaidi pamoja na mwanga wa buluu, kwa kuwa vijidudu vya kifua kikuu vina kitu ndani yao kinachoushika mwanga huo na kuwageuzia sumu. Finsen aliponya watu kwa haki, ingawa sababu kamili ilijulikana miaka 100 baada yake.

Sasa tugeukie nuru iunguzayo. Wako ndugu zetu ambao ngozi yao haina, au ina kidogo tu, ile rangi imkingayo mtu na jua. Nao ni watu wenye ualbino. Kwao hakuna tiba ya jua; kwao jua la Shinyanga ni adui wa kila siku. Mwaka 1985 daktari Luande na wenzake walitangaza habari za watu 350 wenye ualbino waliochunguzwa Dar es Salaam. Waliona kwamba jua huanza kuiharibu ngozi yao tangu utotoni, na kwamba wengi hupata saratani wakiwa vijana. Kutoka jambo hilo likazaliwa shauri la busara: kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, kukaa kivulini adhuhuri, na mafuta ya kukinga jua. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kulifunguliwa mwaka 1992 chuo kiwafundishacho waganga wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na katika miaka ya 2010 ikaanza kutengenezwa hapo hapo marhamu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Hatuwezi kuandika kutoka mkoa huu tukanyamaza juu ya jambo lingine. Kuanzia karibu mwaka 2007, katika nchi hizi za Shinyanga, Mwanza na Geita, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, kwa sababu waganga waongo waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vyao huleta bahati. Mwezi wa Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa namna hiyo. Watoto wengi walihamishwa wakakaa katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na mama zao. Wasomaji, angalieni jinsi ujinga ulivyo na bei. Ngozi isiyo na rangi ni ngozi iliyokosa kitu kimoja kidogo, melanini, kama vile baka la mbalanga lilivyokikosa. Hamna dhahabu ndani yake, wala almasi, wala uchawi. Mwanafunzi anayefahamu jambo hilo, akalieleza nyumbani kwao jioni, amefanya kazi ya ulinzi.

Twarudi katika swali letu la kwanza. Mbona sisi wenye jua tele tungali na wagonjwa wa ngozi? Kwa sababu jua ni kama maji ya mto wakati wa masika: ni mengi, lakini hayaji kwa kipimo cha mtungi. Lina miali iponyayo na iunguzayo pamoja. Asubuhi ni dhaifu, adhuhuri ni kali, na wingu likipita hubadilika. Taa ya hospitali hutoa miali ya namna moja, kwa sekunde zilizohesabiwa, na yote huandikwa katika daftari. Kinachoponya ni kipimo. Kwa sababu hiyo mtu asijipake majani au maji ya matunda akakaa juani kwa kusikia habari hizi. Waliofanya hivyo wamepata majeraha mabaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi tumalizie kwa mashauri machache. Kwanza, kila baka si mbalanga. Baka lililofifia rangi na kupoteza hisia, hata mtu akiguswa kwa unyoya asisikie, laweza kuwa ukoma. Ukoma hauponi kwa mwanga, lakini hupona kabisa kwa vidonge ambavyo hutolewa bure, na akiwahi mgonjwa hataharibika vidole. Kwa hiyo aende hospitali mapema, wala asifichwe nyumbani. Pili, mtu asinunue sokoni mafuta ya kuchubua ngozi ili kulinganisha mabaka. Mengine yana zebaki, ile ile ya machimboni, ambayo huharibu figo; nayo yamepigwa marufuku na Serikali. Tatu, si kila hospitali ina taa za tiba hii, basi mgonjwa amwulize mganga wa ngozi kama ugonjwa wake ni wa namna inayofaa, na kama ana subira ya kwenda mara mbili kwa juma kwa miezi. Kuanza na kuacha njiani hakuna faida.

Na la mwisho ni la sisi tulio wazima. Daktari aweza kurudisha rangi ya ngozi, lakini hawezi kumwamuru jirani amkaribishe mgonjwa. Tuwape wenye mbalanga na wenye soriasisi mkono wa salamu, tule nao, watoto wao wakae benchi moja na watoto wetu. Tumpe kofia mtoto mwenye ualbino na tumketishe kivulini karibu na ubao. Mambo hayo hayahitaji taa wala umeme, na twaweza kuyaanza leo hapa Maganzo.